Kopo Lililonenepa

Jumatatu, 3 Juni

Barua imefika kutoka ofisi ya afya. Ukaguzi keshokutwa, saa nne asubuhi. Kibali cha jiko letu la siagi ya karanga kinakwisha tarehe thelathini. Bila ukaguzi hakuna kibali kipya, na bila kibali hakuna mkataba wa kupeleka siagi shule ya msingi kuanzia Julai. Dada aliacha kazi ya upishi hospitalini kwa ajili ya mkataba huo. Ameisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya mzani, akaendelea kuchambua karanga.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi.

Ieleweke, kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa, kwamba jiko ni la Dada lakini akili ni yangu. Yeye anachambua, anakaanga, anasaga. Mimi ni Mkurugenzi wa Masoko, Lebo na Mahusiano. Cheo hiki nilijipa mwenyewe baada ya kutafuta kwa muda mrefu na kukosa mwombaji mwingine mwenye sifa.

Dada ameniagiza mambo mawili tu. Nifagie ghala. Nisiguse lebo.

Ghala nimefagia. Upande unaoonekana.

Lakini lebo yetu ni aibu ya ukoo. Karatasi nyeupe, maandishi meusi. Siagi ya karanga. Karanga na chumvi. Gramu mia nne. Tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, anwani. Basi. Utadhani cheti cha kifo. Nani katika nchi hii ananunua ukweli mtupu? Watu wetu hawasomi kopo, wanalitazama. Mwoneshe msomi wa chuo kikuu kopo lenye neno "asilia" na jani la kijani pembeni, atalikumbatia kama mtoto aliyepotea. Hatauliza jani la mti gani.

Nimekwenda kwa mchapaji mchana. Lebo elfu mbili, za rangi ya dhahabu. Kesho zitakuwa tayari. Dada hatakiwi kujua, itakuwa zawadi.

Jumanne, 4 Juni

Dada amekwenda kliniki kwa ajili ya magoti yake. Kabla ya kutoka alinikabidhi gunia la tatu kana kwamba ananikabidhi mtoto mchanga. Nimwage karanga kwenye sinia kidogo kidogo. Nichambue moja moja. Nitoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu. Akasema gunia hili lilinyeshewa njiani, kwa hiyo nichambue mara mbili. Nikaitika "sawa, Dada" mara mbili, ili tulingane.

Ni kazi ya siku nzima. Mtu mzima, mwenye cheo, ameinama juu ya sinia anasalimiana na karanga.

Nimechambua ya kwanza mpaka ya kumi na moja. Zote nzuri. Mtu mwenye elimu anajua maana yake: gunia zima ni zuri. Nikamimina lote kwenye kikaango. Na nimegundua jambo ambalo Dada, kwa miaka yote hiyo, hajaligundua. Karanga mbovu na karanga nzima zikishakaangwa, zote ni kahawia. Usawa kamili. Hakuna aliyeonewa.

Muda niliouokoa nimeutumia kwa lebo. Zimefika, zinameremeta mpaka nikafumba jicho moja. SIAGI YA KIFALME. HUJENGA MIFUPA, UBONGO NA NDOA. HAINA KEMIKALI YOYOTE. IMETHIBITISHWA. Imethibitishwa na nani, sikuandika, sipendi kujisifu. KARANGA ZILIZOCHAMBULIWA KWA MKONO, MOJA MOJA. Na mahali pa tarehe, MWISHO WA MATUMIZI: KOPO LIKIISHA. Kuna mtu atabisha?

Mama watoto alisoma lebo yote akiwa amebeba ndoo. Akauliza hiyo sehemu ya ndoa imepimwa maabara gani, maana humu ndani tunakula siagi hiyo mwaka wa tatu sasa na yeye hajaona dalili. Sikumjibu. Viongozi hawajibu kila swali.

Makopo arobaini yametoka gunia la tatu. Yote yamevaa dhahabu. Ng'ambo ya barabara jirani yetu Kidevu, ambaye naye anatengeneza siagi ya karanga, alisimama mlangoni kwake akiyatazama huku akijikuna ndevu. Kidevu anauza kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi. Kibali chake amekitia kwenye fremu na kukitundika barabarani, kila apitaye akione. Nilimpungia mkono. Alinipungia kwa kidole kimoja, kile cha shahada, lakini nilielewa.

Dada amerudi alasiri akichechemea. Akauliza kama nimechambua mara mbili. Nikamjibu kwamba nimechambua kwa namna ambayo haijawahi kuonekana jikoni humu. Sikusema uongo hata herufi moja. Hizo lebo amezitazama kwa muda, kisha akaenda kulala kabla ya jua kuzama. Nadhani alizidiwa na furaha.

Jumatano, 5 Juni

Amekuja. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, mzani wake mwenyewe ndani ya begi. Nimempa jina la Bibi Afya. Hakunywa chai. Hakukaa. Alichungulia chini ya mashine ya kusaga, akafunua pipa la maji, akatazama kucha za Dada, akatazama kucha zangu, akaandika kitu. Akaingia ghalani na kwenda moja kwa moja upande usioonekana.

Hata hivyo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Dada aliulizwa, Dada alijibu, wakaelewana kama mafundi wawili. Bibi Afya alikwishaanza kutikisa kichwa kwa namna ya kukubali. Kwa hiyo niliona ni lazima niingilie kati.

Nikaleta makopo sita ya dhahabu juu ya sinia, na kitambaa. Nikamwambia hii si rushwa, ni mahusiano. Dada alifumba macho.

Bibi Afya alinishukuru sana. Akasema nimemrahisishia kazi, maana alikuwa anatafuta sampuli. Akatoa fomu. Akayapima makopo moja moja, akaandika uzito wa kila moja, akachagua mawili, manne akanirudishia pamoja na kitambaa. Yale mawili akayabandika karatasi ya muhuri kutoka kifuniko mpaka ubavuni, akatia sahihi, Dada naye akatia sahihi yake chini. Akaeleza kwamba kopo moja linakwenda maabara. La pili linabaki kwetu, lisifunguliwe na mtu yeyote. Ikitokea hatukubaliani na matokeo, hilo ndilo litakalopimwa kututetea.

Kisha akasoma lebo. Kwa sauti. Yote, polepole, kama karani wa mahakama anayemsomea mtu mashtaka. Alipofika kwenye ndoa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akarudia. Amepata makosa tisa katika lebo moja. Uzito haupo. Tarehe hazipo. Anwani haipo. Madai ya tiba yapo matatu. Chumvi imefichwa. Sikuficha chumvi, niliisahau.

Akamuuliza Dada nani kabandika. Dada akasema ni mdogo wake. Akauliza mdogo ana umri gani. Dada akasema arobaini na nane. Bibi Afya aliandika na hilo.

Alhamisi, 6 Juni

Siku nzima nabandua dhahabu. Maji ya moto na brashi. Gundi ya mchapaji yule ni ya kudumu milele, kitu pekee alichofanya kwa uaminifu. Makopo thelathini na nane, kucha zangu zimekwisha.

Dada alikaa karibu akibandika zile lebo za msiba upya. Akaanza kusimulia bila mimi kumuuliza. Kwamba karanga ikinyeshewa hupata ukungu, na ukungu huo una sumu, watu wa afya wanaiita sumu kuvu. Haionekani. Haina harufu. Kukaanga hakuiondoi. Inaliharibu ini taratibu, na ini la mtoto ndilo linaloharibika mapema. Hospitalini alikuwa akipika uji wa wodi ya watoto, akawaona. Ndiyo maana anachambua moja moja, na ndiyo maana hauzi hata kopo moja la gunia la tatu mpaka majibu ya maabara yarudi.

Nikamuuliza, kwa maongezi tu, ikiwa mtu kwa bahati mbaya hakuchambua sawasawa. Akasema basi siagi yote inamwagwa shimoni, na mtu huyo anamwagwa juu yake.

Kijasho chembamba kilinitoka. Nikasingizia maji ya moto.

Nilitaka kumwambia. Naapa. Lakini ana magoti mabovu, na habari mbaya hushukia magotini. Nimenyamaza kwa sababu za kitabibu.

Jumamosi, 8 Juni

Kopo lile la muhuri limekaa juu ya rafu. Linanitazama. Nikila linanitazama, nikipita na ufagio linanitazama. Tumewahi kusikia wapi, mtuhumiwa anaachiwa shahidi wa serikali amtunze nyumbani kwake? Hiyo si sheria, hiyo ni kumwonjesha mtu majaribu.

Nikaanza kufikiri. Nikifikiri mimi, huwa nafikiri mpaka mwisho.

Hoja ya kwanza: siagi ya Kidevu ina kibali, na kibali kina fremu. Hoja ya pili: inauzwa kwenye duka lenye kiyoyozi. Kwa hiyo ni safi. Hoja ya tatu: siagi ni siagi, hakuna aliyeweza kuitofautisha kwa macho tangu dunia iumbwe. Asubuhi Dada alipokwenda sokoni nilikwenda dukani nikiwa nimevaa kofia ya mama watoto, nikanunua makopo mawili ya Kidevu. Muuzaji alinisalimia kwa jina.

Birika. Mvuke. Dakika nne. Karatasi ya muhuri ilinyanyuka taratibu kama mtu anayeamka kwa hiari yake. Sahihi ya Dada haikudhurika. Sahihi ya Bibi Afya ilichuruzika kidogo mkiani, nikaichora upya kwa kalamu. Yangu imekuwa nzuri kuliko yake. Siagi yetu nikaimwaga jalalani, nikajaza ya Kidevu. Nikajaza mpaka juu, nikaongeza, nikaishindilia kwa kijiko nikaongeza tena. Kopo linalokwenda kututetea lisionekane la watu wachoyo. Gundi. Nikalirudisha rafuni. Iliyobaki nikaimwaga nayo, na makopo matupu ya Kidevu nimeyatia misumari, ni makopo imara sana.

Mama watoto aliingia akakuta birika linatoa mvuke, akauliza chai iko wapi. Nikasema hapakuwa na majani. Akaniuliza kwa hiyo nilikuwa nachemsha nini, shida zangu? Kwa mwanamke ambaye hajui lolote, alikuwa karibu sana.

Jumatatu, 10 Juni

Matokeo. Kopo la kwanza limezidi kiwango cha sumu kuvu. Si sana, lakini limezidi. Kibali kimesimamishwa.

Dada alikaa chini. Sijawahi kumwona Dada amekaa mchana bila sinia mapajani. Alisoma barua mara tatu. Akasema haiwezekani. Akasema yeye anaijua mikono yake. Hakusema lolote kuhusu mikono yangu, akanitazama tu kidogo, nikajikausha.

Kisha akasimama. Akasema lipo kopo la pili, na tuna siku saba za kuomba lipimwe.

Nilimkumbatia. Nikamwambia kwa moyo wangu wote alipeleke, alipeleke kesho hii hii. Sijawahi kuwa na hakika na jambo lolote kama nilivyokuwa na hakika na kopo lile. Dada alilengwalengwa na machozi. Akanishika bega akasema, mdogo wangu, miaka yote hii leo ndiyo mara ya kwanza naona tuko wawili.

Kitu fulani kilinichoma chini ya mbavu. Nadhani ni gesi.

Jumanne, 11 Juni

Ofisi ya afya. Benchi la mbao, feni isiyozunguka, bango la kunawa mikono karibu na bomba lisilo na maji. Bibi Afya alilipokea kopo letu akaliweka juu ya mzani. Akaliondoa. Akaufuta mzani kwa kitambaa. Akaliweka tena. Akafungua faili, akateremsha kidole, akasimama kwenye mstari mmoja.

Akasema kopo hili, ukiondoa uzito wa plastiki, Jumatano iliyopita lilikuwa na gramu mia nne na mbili. Leo lina mia nne ishirini na tano. Akauliza tumekuwa tukililisha nini.

Nikaeleza kwamba ni joto. Karanga huvimba. Akauliza uzito nao huvimba? Nikasema unyevu wa hewa hupenya plastiki, hasa majira haya. Akaniomba nirudie polepole, akaandika yote. Niliona heshima kuandikwa na mtaalamu.

Dada alikuwa akiitazama ile karatasi ya muhuri, pale mkiani mwa sahihi.

Bibi Afya akasema kwa kawaida kopo la namna hii hulikataa papo hapo. Hili atalipeleka maabara, kwa sababu sasa anataka kujua ni siagi ya nani.

Wakati wa kurudi Dada alitangulia. Pamoja na magoti yake mabovu, nilimkimbiza mpaka nyumbani na sikumpata.

Ijumaa, 14 Juni

Bibi Afya amekuja mwenyewe. Leo alikaa, kwenye kiti cha plastiki, na nilipomwona amekaa niliogopa. Akaziweka karatasi mbili za maabara mezani, moja kando ya nyingine.

Kopo la kwanza: karanga na chumvi, na sumu iliyozidi kidogo. Kopo la pili: karanga hazifiki nusu. Sukari. Mafuta ya mawese. Na sumu kuvu mara nne ya kiwango.

Mara nne. Kutoka kwenye kiyoyozi.

Akasema alilikagua jiko hili mpaka chini ya mashine na hakuona chembe ya sukari. Siagi ya pili haikutoka humu. Kwa hiyo muhuri umevunjwa. Na kwa sheria kopo lilikuwa mikononi mwa mwenye jiko, na sahihi iliyo juu yake ni ya mwenye jiko. Mwenye jiko asipoweza kueleza, jiko linafungwa mwaka mzima. Mkataba wa shule utakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Tukauliza ni nani. Akatazama ng'ambo ya barabara.

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na kikapu.

Dada hakumtazama Bibi Afya. Alinitazama mimi. Akauliza swali moja tu. Gunia la tatu, nilichambua ngapi?

Nilikuwa na hadithi tatu tayari, mojawapo yenye panya, nzuri sana. Lakini alikuwa ameyashika magoti yake kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Ile ya panya nikaiacha.

Nikasema kumi na moja.

Akauliza kumi na moja nini, sinia?

Nikasema karanga.

Mama watoto aligeuka akautazama ukuta, mabega yakawa yanacheza. Sijui alikuwa analia au anacheka. Tumeishi pamoja miaka ishirini na mbili na bado siwezi kutofautisha.

Basi yakatoka yote. Kikaango. Kofia. Birika. Mvuke, dakika nne. Gundi. Bibi Afya aliandika bila kuinua kichwa. Nilipofika kwa mkia wa sahihi aliniomba nimwoneshe, nikamwonesha kwenye karatasi, akakiri kwamba inafanana. Nilipomtaja Kidevu kalamu ilisimama. Akauliza nina uthibitisho gani. Nikamletea makopo mawili yenye misumari. Akayapindua chini, misumari ikamwagika miguuni pake, akasoma namba na tarehe zilizopigwa kitakoni. Akayatia kwenye begi.

Akaniambia, ndugu, nimekagua majiko kwa miaka kumi na tisa. Hakuna mtu aliyewahi kuvunja sheria nyingi hivyo kwa faida ndogo hivyo. Nikasema asante.

Kisha akamwambia Dada kwamba kosa amelijua ni la nani, na kwamba faini ya muhuri itaandikwa kwa jina langu. Lakini siagi ya gunia la tatu ni ya jiko la Dada, na kibali kitabaki kimesimamishwa mpaka siagi hiyo iharibiwe mbele yake na sampuli mpya ipimwe. Sampuli ya kopo moja. Likishindwa, hakuna tena cha kuomba.

Dada akasema sawa. Alipotoka mgeni, alinipita akaenda kukaa uani peke yake. Nilimfuata nikamwambia angalau tumejua siri ya Kidevu. Akasema, watoto wale wangekula. Si ya Kidevu, yetu. Wangepaka kwenye mkate na kunishukuru. Akasema niondoke machoni pake.

Nikaondoka machoni pake. Nilisimama nyuma ya mlango.

Jumatatu, 17 Juni

Nimechimba shimo. Kina cha mita moja na nusu, kwa amri ya serikali. Makopo thelathini na nane yamefunguliwa moja moja na Dada kwa mkono wake, akamwaga, Bibi Afya akahesabu, mimi nikafukia na chokaa juu. Dada ameniambia neno moja tangu asubuhi. Chimba.

Ng'ambo ya barabara utepe umezungushwa kwenye lango la Kidevu. Wamechukua sampuli kwake, na duka la kiyoyozi limeondoa siagi yake yote rafuni. Fremu bado imetundikwa. Hapo ndipo nimewaza kidogo kuhusu wananchi wenzangu. Mtaa mzima ulikuwa ukiisoma fremu ile. Watu wenye shahada, wenye watoto, walipita wakasema huyu bwana ana kibali, wakanunua. Hakuna hata mmoja aliyelipindua kopo. Taifa zima linaamini kioo na mbao nne. Nashukuru Mungu mimi si wa kudanganyika kirahisi namna hiyo.

Kidevu alivuka barabara mchana. Nilijua atanipiga, nikashika koleo. Hakunipiga. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, jirani, nimekukosea nini? Nikamweleza ukweli: nilinunua siagi yake kwa sababu niliiamini kuliko ya kwetu. Alilitazama koleo. Akarudi kwake. Nadhani hakuna mteja aliyewahi kumsifu kiasi hicho.

Alhamisi, 20 Juni

Dada na mama watoto wanachambua gunia la nne. Siku ya pili hii. Mimi nimewekewa kiti nje ya dirisha, umbali umepimwa kwa hatua. Nikisogeza kiti mama watoto anagonga sinia.

Wanachambua. Karanga moja inainuliwa, inageuzwa, inatazamwa, inawekwa. Nyingine inatupwa kwenye bati. Bati lilipojaa Dada alilileta dirishani akanionesha. Zimesinyaa, nyeusi, zina vumbi la kijani. Kutoka gunia zuri, ambalo halikunyeshewa. Akasema hizi ni za gunia zuri, Mkurugenzi. Sasa fikiria lile.

Nilifikiri. Nikaona kwamba bati lilikuwa na picha nzuri sana ya ua ubavuni. Lebo zetu hazina ua.

Bibi Afya amechukua kopo lake jioni na kupima uzito mara mbili. Safari hii hakuacha kopo la kubaki kwetu. Amesema kwa jiko hili utaratibu umebadilika.

Ijumaa, 28 Juni

Safi. Maabara imejibu: safi kabisa. Kibali kimetoka siku mbili kabla ya cha zamani kuisha, na Jumatatu makopo ya kwanza yanakwenda shuleni. Dada aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole, asiichafue. Mama watoto alipiga vigelegele mpaka Kidevu akafunga dirisha.

Kibali kina masharti matatu. La kwanza, kila gunia liandikwe aliyelichambua na saa alizotumia. La pili, lebo ibaki nyeupe. La tatu ni mimi. Nimeandikwa kwa majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa: asiingie jikoni, asiingie ghalani, asiguse lebo, kwa muda wote wa kibali hiki. Dada alitia sahihi kabla Bibi Afya hajamaliza kumwonesha mahali pa kusaini.

Nimekinakili kibali chote kwa mkono. Nimewaonesha kwamba katika waraka ule mzima majina ya watu ni mawili tu, la Dada na langu. Jina langu lina mistari mingi zaidi. Serikali imenitambua. Mama watoto akasema hata kwenye matangazo ya wanaotafutwa na polisi majina huandikwa makubwa. Wivu huo.

Kisha nimeyasoma masharti tena, kwa utulivu, kama msomi. Jikoni. Ghalani. Lebo. Nimesoma mara nne.

Vifuniko havikutajwa.

Nimekwenda kwa mchapaji. Amenikumbuka, amefunga mlango, nikaingilia nyuma. Nimeagiza muhuri wa mpira wa kugonga juu ya kila kifuniko: IMEPIMWA MAABARA MARA TATU. Tatu hizo ni kweli, afisa yeyote na ahesabu. Na ni siagi gani nyingine mjini hapa inaweza kusema hivyo? Sikuona haja ya kueleza ilifaulu mara ngapi, kifuniko ni kidogo.

Muhuri utakuwa tayari kesho. Makopo ya shule yatapangwa nje barazani Jumapili mchana, yakisubiri gari. Nimerudia kusoma kibali mpaka mwisho, na nyuma yake pia. Baraza halikutajwa.